Mtoto Mnene Naye Hupungukiwa: Madini ya Zinki na Afya ya Watoto Wenye Unene Uliokithiri

Maji yanapokupwa Uroa, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, wanawake huteremka kwenye mchanga na mwamba uliobaki wazi. Baadhi huenda kwenye mashamba ya mwani, baadhi huchokoa pweza, na wengine huokota chaza na kombe. Pweza mkubwa mara nyingi huuzwa, kwa kuwa hoteli na wachuuzi humlipia vizuri. Nyumbani mtoto hupewa chai yenye sukari nyingi na andazi, na akipata sarafu hununua soda na chipsi. Hatumlaumu mzazi, maana fedha ya pweza ndiyo inayonunua sare za shule na dawa. Hata hivyo, katika mabadilishano hayo kuna kitu kidogo kinachotoka nyumbani bila kuhesabiwa, nacho ni madini ya zinki.

Katika makala hii tunaeleza zinki ni nini, inahusianaje na unene uliokithiri wa watoto, na mzazi afanye nini. Tunasisitiza jambo moja tangu mwanzo: wingi wa mwili si ushahidi wa lishe bora. Mtoto aweza kushiba, akanenepa, na bado akapungukiwa na virutubisho ambavyo mwili wake unavihitaji.

Zinki ni nini

Zinki ni madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo lakini kila siku. Mwili wa mtu mzima una takribani gramu 2 hadi 3 tu, nyingi zikiwa katika misuli na mifupa. Mwili hauna ghala maalumu la zinki, na kwa sababu hiyo upungufu huweza kuanza mapema chakula kinapokosa madini hayo. Zinki husaidia ukuaji, uponaji wa vidonda, kinga dhidi ya maradhi, hamu ya chakula na uwezo wa kuonja.

Umuhimu wake kwa binadamu ulibainika katika karne iliyopita. Mwaka 1961, daktari Ananda Prasad na wenzake walieleza hali ya vijana wa Iran, katika eneo la Shiraz, mji ambao jina lake si geni kwa Wazanzibari. Vijana hao walikuwa wamedumaa na kuchelewa kubalehe. Chakula chao kilikuwa hasa mkate wa ngano isiyokobolewa, na nyama waliipata kwa nadra. Mwaka 1963 uchunguzi uliofanywa Misri ulithibitisha kwamba vijana wa hali kama hiyo walikuwa na upungufu wa zinki. Kwa miaka mingi, basi, upungufu huu ulihusishwa na mtoto mfupi na mwembamba. Baadaye ndipo watafiti walipoanza kuutafuta kwa mtoto mnene pia.

Zinki, insulini na mafuta mwilini

Tunapokula wanga au sukari, kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo huwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli ili itumike kuwa nguvu. Ndani ya kongosho, insulini huhifadhiwa katika mafungu ya molekuli sita sita zilizoshikamanishwa na zinki. Mwaka 2007 wanasayansi walitambua kwamba tofauti za kurithi katika jeni inayosimamia usafirishaji wa zinki ndani ya seli za kongosho huhusiana na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili.

Kwa mtoto mwenye unene uliokithiri, seli huanza kutoitii insulini. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi ili kufanya kazi ileile. Hali hii ikiendelea, sukari ya damu hupanda, mafuta ya damu huvurugika, shinikizo la damu huongezeka na ini hujaa mafuta. Mkusanyiko wa mambo haya ndio tunaouita kuvurugika kwa umetaboli, yaani kuharibika kwa namna mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula.

Tafiti nyingi katika nchi mbalimbali zimeona kwamba watoto wanene, kwa wastani, huwa na zinki kidogo katika damu kuliko wenzao wenye uzito wa kawaida. Ziko sababu mbili zinazowezekana. Ya kwanza ni chakula: andazi, chipsi, biskuti na soda hujaza tumbo bila kuleta zinki ya kutosha. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, lakini haina zinki yenye maana. Ya pili ni mwili wenyewe. Mafuta mengi husababisha uvimbe mdogo wa kudumu usioonekana kwa macho, na uvimbe huo huvuta zinki kutoka katika damu na kuipeleka kwenye ini. Zinki ndogo katika damu, kwa hiyo, yaweza kuwa matokeo ya unene na si chanzo chake. Hii ndiyo sababu kipimo kimoja cha damu hakitoshi kumhukumu mtoto.

Pemba ilitufundisha nini

Zanzibar ina nafasi yake katika historia ya elimu ya zinki. Kisiwani Pemba, ambako Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi, karibu na Chake Chake, ulifanyika utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007. Watoto wadogo 42,546 walishiriki, baadhi wakipewa zinki kila siku na wengine kidonge kisicho na dawa. Kwa jumla, vifo vilipungua kwa asilimia 7, kiwango kidogo ambacho hesabu za takwimu hazikuweza kukitofautisha na bahati. Miongoni mwa watoto waliozidi umri wa miezi 12, vifo vilipungua kwa asilimia 18.

Utafiti mwingine wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulitoa onyo. Watoto waliopewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza, katika mazingira yenye malaria nyingi, walipatwa zaidi na magonjwa makali na vifo. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya muda wake. Fundisho lake ni kwamba nyongeza ya madini si tunda la kumpa mtoto bila kufikiri. Yenye manufaa kwa mmoja yaweza kumdhuru mwingine.

Mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilipendekeza zinki kwa mtoto anayeharisha: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvichumvi. Matumizi haya yamethibitishwa, na mzazi asiyaache kwa sababu tu mtoto wake ni mnene.

Je, zinki humponya mtoto mnene?

Watafiti wa Isfahan, nchini Iran, waliwapa zinki watoto 60 wanene ambao hawajabalehe, miligramu 20 kwa siku kwa majuma 8. Katika kipindi kingine watoto haohao walipewa dawa isiyo na kitu, ili ulinganisho uwe wa haki. Walipotumia zinki, vipimo vya mwili kutoitii insulini vilipata nafuu. Hata hivyo, watoto wale walibaki na uzito uliozidi.

Matokeo haya yanatia moyo, lakini hayatoshi kumfanya kila mzazi akimbilie duka la dawa. Watoto 60 ni wachache, na majuma 8 ni muda mfupi katika maisha ya mtoto. Aidha, kwa viwango vya Marekani, mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji miligramu 5 za zinki kwa siku, na kiasi cha juu kisichopaswa kuzidishwa ni miligramu 12. Mwenye miaka 9 hadi 13 anahitaji miligramu 8, na ukomo wake ni 23. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia mwili kufyonza madini ya shaba, na mtoto huweza kupungukiwa damu na kinga. Dozi kubwa ya muda mrefu ni kazi ya daktari.

Chakula kilicho karibu nasi

Kwa mtoto asiye na ugonjwa mwingine, njia salama zaidi ni chakula, na pwani yetu haikunyimwa. Chaza ndio mashuhuri kuliko vyakula vyote kwa wingi wa zinki. Pweza aliyepikwa ana takribani miligramu 3 katika gramu 100. Nyama ya ng'ombe ina zaidi ya hapo. Mayai, maziwa, kunde, choroko, njugu, korosho, ufuta na mbegu za maboga navyo huchangia. Kiasi hichohicho cha wali mweupe kina takribani nusu miligramu, na muhogo una kidogo zaidi ya hapo kupungua.

Kunde na nafaka zisizokobolewa zina fitati, kitu kinachoishika zinki na kuizuia isifyonzwe. Mabibi zetu walikuwa na dawa ya hilo bila kulijua jina lake: kuloweka kunde usiku kucha na kumwaga maji yake, kuchachusha unga wa uji, na kuumua mkate kwa hamira.

Tunapendekeza mambo machache yanayowezekana:

Familia inapouza pweza, ibakize sehemu ya chungu cha nyumbani, hata mkia mmoja wa mkono wake kwa kila mtoto.

Chaza na kombe waokotwe mbali na maji machafu, waoshwe na wapikwe mpaka waive vizuri.

Maji yawe kinywaji cha kila siku, na soda ibaki kwa sherehe. Katika karamu za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, wanajumuiya wanaweza kuandaa madafu, matunda na njugu badala ya kreti za soda.

Mtoto asinyimwe chakula wala asitaniwe kwa mwili wake. Anakua bado, na lengo ni kubadili kilichomo katika sahani ya familia nzima, kucheza na kulala vya kutosha.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Unene uliokithiri hupimwa kwa chati ya ukuaji inayolinganisha uzito na urefu kulingana na umri na jinsia, wala si kwa macho ya jirani. Kwa mtoto aliyezidi miaka 5, mzazi anaweza kuanza na kamba: apime urefu wa mtoto, aikunje kamba mara mbili, kisha aizungushe kiunoni. Ikiwa haifiki, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na inafaa mtoto apelekwe kupimwa.

Dalili nyingine ni weusi mzito, laini kama mahameli, shingoni au kwapani. Wazazi wengi hudhani ni uchafu na humsugua mtoto kwa dodoki mpaka alie. Weusi huo hautoki kwa sabuni, kwa sababu mara nyingi ni ishara kwamba mwili hauitii insulini. Mtoto anayekunywa maji na kukojoa kupita kawaida, hasa akipungua uzito ghafla, apelekwe siku hiyohiyo.

Mtoto mnene husifiwa mitaani kwamba ametunzwa vizuri, na mama yake hupongezwa. Tunaomba sifa hiyo iambatane na swali moja: leo amekula nini? Jibu likiwa chai, andazi na soda, mtoto huyo ana haki ya kupata fungu lake la kile ambacho mama yake amekitoa baharini.