Damu ya Mshipa

Ukipita barabara itokayo Mombasa kwenda Nairobi, msomaji, utafika Sultan Hamud, mpakani mwa nchi ya Wakamba na ya Wamaasai. Mji huu ulizaliwa na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, nao ulipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu mwaka huo hata 1902. Lakini kabla ya reli, wafugaji wa nyika hizi walikuwa na elimu ambayo mgeni huidhani ukatili mtupu: kutoa damu katika mshipa wa ng'ombe aliye hai.

Tazama ilivyofanywa. Ukanda wa ngozi ulifungwa shingoni mwa ng'ombe, ukakazwa hata mshipa ukavimba. Mmoja alimshika mnyama kichwa. Mwenziwe alisimama karibu sana na upinde wake. Mshale haukuwa ule wa vita: ncha yake ilikuwa fupi, na nyuma yake palikuwa na kizuizi, usije ukazama kupita kiasi. Damu iliporuka ilikingwa kwa kibuyu. Kisha ukanda ulilegezwa, jeraha likazibwa, na ng'ombe akarudi malishoni, asiguswe tena kwa majuma kadhaa. Damu ile, mara nyingi pamoja na maziwa, ilikuwa chakula cha wakati wa njaa. Tena walipewa kijana aliyetoka kutahiriwa na mama aliyejifungua, yaani wale waliokwisha kumwaga damu yao wenyewe.

Kile kizuizi kidogo cha mshale chanifikirisha sana. Huko Ulaya na Marekani, kwa karne nyingi, matabibu wenye vyuo waliamini kwamba damu ikizidi huleta maradhi, wakaitoa katika mshipa wa mkono wa mgonjwa. Desemba 1799 George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliugua koo. Kwa siku moja alitolewa damu mara nne, jumla zaidi ya lita 2, akafa usiku wa tarehe 14. Sisemi kwamba kutolewa damu peke yake kulimwua, maana koo lilikuwa limeziba. Nasema mshale wao haukuwa na kizuizi. (Chuku ya watu wa pwani ni jambo jingine: ile pembe hunyonya damu ya ngozini tu, haifiki mshipani.)

Leo, mtu akienda kujitolea damu kwa ajili ya wagonjwa, mkono wake hufungwa ukanda hata mshipa uvimbe. Mfuko hupokea mililita 450, ukanda hulegezwa, kidonda huzibwa kwa pamba, naye huambiwa asirudi mpaka ipite miezi mitatu au minne.