Asili ya Milia ya Mahindi

Mhindi ni jamaa ya majani, ndugu ya mtama na muwa. Asili yake ni Amerika, bali ugonjwa wake wa milia haukutoka huko; ni wa Afrika, nao ulikaa katika majani ya porini kabla mhindi haujaletwa kwetu.

Mwaka 1901 Bwana Claude Fuller wa Natal aliandika habari za mahindi yenye milia ya manjano, akadhani kosa ni la udongo. Hata mwaka 1925 Bwana H. H. Storey akathibitisha kwamba ugonjwa huo huchukuliwa na kijidudu kirukacho, kifyonzacho utomvu wa majani.

Baadaye Storey alifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara. Huko aliona jambo la ajabu: wadudu wengine wa namna ile ile walifyonza mhindi mgonjwa wala wasiambukize, nao waliwarithisha watoto hali hiyo. Basi akatwaa sindano nyembamba mno akawatoboa utumbo. (Na tukumbuke, mdudu huyo ni mdogo kuliko punje ya mchele!) Wakaanza kuambukiza. Ndipo ilipojulikana kwamba ngozi ya utumbo ndiyo iliyokuwa kizuizi.

Lakini virusi yenyewe haikuonekana bado. Mwaka 1974 Bwana K. R. Bock na wenzake walitangaza kwamba wameitenga: vipande viwili vilivyoshikana kama pacha. Wakailinganisha na milia ya muwa na ya majani ya porini, wakaona ni jamaa moja, ila si kitu kimoja.