Ndama Wasiochanjwa

Kila nikipita soko la mifugo la Garissa hunijia swali: mbona hakuna anayeitaja sotoka? Ugonjwa huu ulipoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ulifyeka ng'ombe na njaa ikafuata. Leo haupo popote duniani.

Tumezoea kusema chanjo ndiyo iliyoshinda. Kweli, na ilitengenezwa hapahapa Kenya. Walter Plowright na wenzake waliikamilisha Muguga, karibu na Nairobi, kuelekea 1960. Sindano moja tu, na mwili wa ng'ombe unaunda kingamwili za kumlinda maisha yake yote. Shida ilikuwa joto, ambalo huku kwetu si mgeni. Miaka ya 1990 ikaja chanjo iliyovumilia safari bila friji, na hata wafugaji wakafunzwa kuchanja.

Lakini ngoja. Kazi ngumu ilikuwa kuacha kuchanja.

Sotoka iliyobaki mpakani mwa Kenya na Somalia haikuwa kali kwa ng'ombe. Homa kidogo, machozi, kisha anapona. Waliokufa kwa wingi ni nyati, kama kule Tsavo kati ya 1994 na 1996. Sasa utajuaje kama virusi bado vinazunguka kwenye mifugo? Unapima damu. Ila kingamwili hazisemi zimetoka wapi: aliyechanjwa na aliyeugua akapona, majibu yao ni yaleyale.

Basi chanjo ikasimamishwa, wataalamu wakasubiri kizazi kipya. Ndama wachanga hawakufaa, maana bado wana kingamwili za mama walizopata kwenye dang'a. Walipimwa wale ambao kinga hiyo ilishawaisha. Wakikutwa na kingamwili, adui bado yupo.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mfugaji. Wazee wake walisimulia zizi lililobaki tupu. Leo anaambiwa awaache ndama bila kinga, kisha watolewe damu ili dunia ipate uhakika. Ukame ukipiga, hao ndama ndio mali yote aliyo nayo.

Kisa cha mwisho kuthibitishwa kilikuwa cha nyati, Mbuga ya Meru, 2001. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa imetokomezwa. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, 1999, na alistahili. Kwa wafugaji waliokubali kukaa na hatari ile, sijaona hata kibao cha shukrani.