Dirisha la Behewa la Kima

Reli ya Uganda haikupita Kitui. Ilipokuwa ikitoka Mombasa kwenda Nairobi mwishoni mwa karne ya 19, ilikata Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud, Kima. Ukitaka kuunda behewa moja la mfano kutoka njia hiyo, unda la Kima. Na kazi kubwa itakuwa dirisha.

Juni 1900, afisa wa polisi Charles Ryall alishuka Kima kumvizia simba aliyekuwa akiwala wafanyakazi wa reli. Alikuwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Behewa lao liliegeshwa njia ya pembeni, likiwa limeinama kidogo. Usiku, Ryall akiwa zamu, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, nao ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamuua Ryall, akatoka naye dirishani. Mbao za dirisha zikavunjika vipande vipande. Behewa lenyewe bado lipo, Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Sasa tushike kazi. Reli ile ilikuwa na upana wa mita moja; kwa kipimo cha 1:22.5 ni milimita 45 hivi. Kwa kipimo hicho, kioo cha milimita 6 kinabaki kama robo ya milimita. Ukibandika akriliki ya milimita 3, ile ya mafundi wa mabango, umejenga ukuta wa karibu sentimita 7. Kioo halisi chembamba kinang'aa, lakini kukikata ni balaa. Chupa ya soda ni ya bure, ila imejikunja. Chukua ile plastiki angavu wanayofunikia ripoti pale saiba. Bei yake ni ya chai. Supaglu achana nayo, mvuke wake huacha ukungu mweupe. Gundi ya mbao yatosha.

Dirisha moja tu usilizibe: lile alilotokea simba.

Majina ya wale watatu tunayajua kwa sababu walikuwa ndani ya behewa. Wafanyakazi waliotangulia kuliwa pale Kima hawakuhifadhiwa hivyo, wala Wahindi wapatao 2,500 waliofariki reli ikijengwa. Kwa hiyo weka pia vibarua wachache nje, kando ya reli. Plastiki ikiwa safi, anayechungulia ndani atawaona kupitia dirisha la upande wa pili.