Mbwa wa Stambuli na Kisiwa Kisicho na Kheri

Mwishoni mwa Julai 2024 Bunge la Uturuki lilipitisha sheria ambayo huku kwetu ilisikika kama habari ndogo ya nchi ya mbali. Sheria hiyo inaziamrisha halmashauri za miji ziwakusanye mbwa wote wasio na mwenyewe, ziwatie katika nyumba za hifadhi, ziwachanje na kuwafunga uzazi, kisha ziwaweke humo mpaka atokee mtu wa kuwachukua na kuwalea. Mbwa mkali, au mwenye maradhi yasiyotibika, imetolewa ruhusa auawe. Wakati huo serikali ilikadiria kuwa mbwa wa mitaani ni kama milioni 4. Nyumba za hifadhi zilikuwa 322 kwa nchi nzima, na nafasi zake 105,000. Piga hesabu mwenyewe: kwa kila nafasi moja, mbwa wapatao 38.

Kwa hiyo mbwa akishaingia humo, mlango wa kutokea kwa salama ni mmoja tu, nao ni binadamu aje aseme, "Huyu nitamchukua mimi." Na binadamu huyo, kule Uturuki, aghlabu ni Mwislamu. Swali linalomkabili mbele ya kizimba kile ni lile lile ambalo lingemkabili Mwislamu wa Tanga, wa Lamu au wa Unguja: Je, yafaa? Wapo watakaojibu upesi kwamba mbwa ni najisi, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini tukirudi nyuma katika tarikhi tutaona kwamba Waislamu wa mji ule ule waliishi na mbwa kwa karne nyingi, bila ya vizimba na bila ya kuwaingiza vyumbani mwao.

Mji wenyewe ni Istanbul, ambao wazee wetu wakiuita Stambuli. Dola ya Uthmaniya ilifuata madhehebu ya Hanafi. Kwa Hanafi mate ya mbwa ni najisi, ama mwili wake na manyoya yake makavu si najisi. Basi watu wa Stambuli walishika njia ya katikati. Mbwa hakuingia ndani, lakini hakuachwa na njaa. Alikuwa mbwa wa mtaa. Kila mtaa ulikuwa na kundi lake, na kundi lilijua mpaka wake. Mbwa wa mtaa wa pili akivuka alirudishwa mbio. Usiku walikuwa walinzi, mchana walikula takataka ambazo hapakuwa na gari la kuzizoa. Mbwa jike akizaa, watu walimtengenezea kibanda ukutani na kumtandikia matambara. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 16 na ya 17 waliandika kwa mshangao kwamba waliwaona Waturuki wakinunua maini na mapafu buchani na kuwagawia mbwa na paka wa njiani, na kwamba wapo waliousia katika mali zao fungu la kuwalisha wanyama hao baada ya wao kufa. Mwandishi wa Kimarekani Mark Twain, aliyepita huko mwaka 1867, aliwakuta mbwa hao wamelala katikati ya njia na watu wakiwazunguka ili wasiwaamshe. Yeye alicheka. Mimi sioni la kucheka.

Watu hao hawakuibuni huruma hiyo kutoka hewani. Katika Sura ya Al-Kahf mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na hata walipohesabiwa idadi yao naye alihesabiwa. Katika Al-Maida, aya ya 4, imehalalishwa nyama iliyokamatwa na mbwa aliyefunzwa kuwinda. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno, akapanda nacho kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Na al-Waqidi, katika kitabu chake cha vita vya Mtume (s.a.w.), amesimulia kwamba katika safari ya kuiendea Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, jeshi lilimkuta njiani mbwa jike akinyonyesha watoto wake, na Mtume akamweka mtu mmoja asimame hapo mpaka jeshi lote lipite, asije mtu akamsumbua. Jeshi la maelfu likiiendea Makka! Kamanda gani mwingine angepoteza mlinzi kwa jambo hilo?

Hata hivyo, msomaji, tusichague hadithi tunazozipenda tu. Imepokewa pia kwamba afugaye mbwa pasipo haja ya kuwinda, kuchunga mifugo au kulinda shamba, hupungukiwa thawabu zake kila siku. Imepokewa kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Na imepokewa kwamba palitolewa amri ya kuwaua mbwa wa Madina, kisha ikazuiwa, ikabakia kwa wale wa kudhuru. Wanachuoni walizipima hadithi hizi zote kwa pamoja. Imamu Malik akasema mbwa aliye hai ni tohara. Imamu Shafii, ambaye ndiye tunayemfuata wengi wetu wa pwani, akasema ni najisi, na chombo alichokilamba kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini najisi ni hukumu ya kuosha. Hakuna imamu aliyeifanya ruhusa ya kutesa. Baghdad, ambako pia palikuwa na wanachuoni wakali, alikuwapo Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, aliyetunga kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wa wale wanaovaa nguo. Jina la kitabu linatosha kukujulisha alikuwa amekerwa na nani!

Tuvuke kidogo mpaka London, maana huko ndiko nyumba ya hifadhi ya mbwa ilikochipuka katika sura tunayoijua leo. Mwaka 1860 mwanamke mmoja, Mary Tealby, alifungua katika mabanda ya farasi huko Holloway makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Gazeti la The Times lilimdhihaki: watu wana njaa, yeye anahangaika na mbwa. Mwaka 1871 makao yale yalihamia Battersea, na yako huko hata leo. Fikra yake ilikuwa njema: mbwa aokotwe, alishwe, mwenyewe atafutwe, asipopatikana atafutiwe mwingine. Ila nyumba ina kuta, na kuta zina kiasi. Kuanzia mwaka 1884 pale Battersea palikuwa na chumba cha kuwaulia kwa gesi wale waliokosa wa kuwachukua. Nyumba ya hifadhi imezaliwa na mgonjwa huyu pembeni yake, na bado hajamwacha: wanaoingia ni wengi, wanaochukuliwa ni wachache.

Sasa turudi Stambuli. Katika karne ya 19 wakubwa wa dola walianza kuutazama mji wao kwa macho ya wageni. Paris haina mbwa njiani, kwa nini sisi tunao? Husimuliwa kwamba Sultani Mahmud wa Pili aliwapakia mbwa majahazini wapelekwe kisiwani, upepo ukawarudisha, na watu wakasema Mungu hakuridhia. Sultani Abdulhamid wa Pili alikwenda njia nyingine. Louis Pasteur alipogundua chanjo ya kichaa cha mbwa, Sultani alimpelekea mchango na nishani, na mwaka 1886 akatuma madaktari wawili na daktari wa wanyama mmoja Paris wakajifunze kwake. Mwaka 1887 taasisi ya kutibu watu walioumwa na mbwa ilifunguliwa Istanbul, mojawapo ya za mwanzo duniani. Yaani Sultani aliyesifika kwa ukali aliyaona maradhi ndiyo adui.

Waliokuja baada yake hawakuwa na subira hiyo. Vijana wa Kituruki walishika nguvu mwaka 1908 wakitaka kuonyesha kwamba dola imekuwa mpya, na mwaka 1910 zamu ya mbwa ikafika. Mfaransa mmoja, daktari Paul Remlinger, alitoa rai wauawe kwa gesi katika vyumba maalumu na ngozi zao ziuzwe. Rai hiyo haikufuatwa. Baraza la mji liliona haya, au liliogopa watu, kumwaga damu waziwazi. Badala yake wakamatwaji walishikwa kwa makoleo marefu ya chuma, wakatiwa katika vizimba vya mbao, wakapakiwa merikebuni, wakashushwa Sivriada, kisiwa kidogo cha mawe katika bahari ya Marmara kisicho na maji ya kunywa wala mti wa kivuli. Walikuwa makumi ya maelfu. Wengi hutaja 80,000. Walikula mizoga ya wenzao. Walijitupa baharini kufuata kila chombo kilichopita. Upepo ukivuma kuelekea mjini, usiku watu walisikia vilio vyao mpaka vilipokwisha. Kisiwa kile na jirani yake Waturuki waliviita Hayırsızada, na neno hilo Mswahili halihitaji mfasiri mkubwa: hayır ni kheri, yaani kisiwa kisicho na kheri.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Waliofanya vile walijitetea kwamba hawakuua. Hakuna aliyeshika kisu. Lakini sote tumesoma tangu chuoni kisa cha mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Hakumchinja wala hakumpiga. Kosa lake ni kwamba alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe vidudu vya ardhini. Ukiizingatia hukumu iliyomo humo, utaona kwamba mnyama akiwa huru rizki yake iko mbele yake. Ukimfunga, rizki yake imekuwa shingoni mwako. Stambuli ya zamani, pamoja na takataka zake, iliwaacha mbwa huru na ikawatupia maini juu yake. Stambuli ya 1910 iliwafunga kwa maji ya bahari.

Watu wa kawaida waliliona hilo. Wapo waliowaficha mbwa wa mtaa wao nyumbani, na wapo waliokwenda kwa mashua kutupa mikate. Vilipokuja vita vya Balkan mwaka 1912 na dola ikapoteza ardhi zake, wengi walisema ni malipo. Mimi sijui siri ya Mola wetu, wala sipendi haraka ya watu kusoma adhabu katika kila msiba. Ninalolijua ni kwamba mwaka huo huo wa 1912 iliundwa mjini humo jumuiya ya kuwahami wanyama, na mwaka huo huo Cemil Topuzlu, daktari, akawa mkuu wa mji, naye baadaye aliandika katika kumbukumbu zake kwamba aliwaangamiza mbwa 30,000 hivi, kidogo kidogo. Mambo mawili kwa pamoja katika mji mmoja.

Hata hivyo mbwa hawakwisha. Mwaka 2004 Uturuki ilitunga sheria iliyokaribia ada ya zamani: mbwa akamatwe, achanjwe, afungwe uzazi, arudishwe mtaani kwake. Ilikuwa sheria nzuri iliyotekelezwa nusunusu. Halmashauri nyingi hazikutoa fedha, na mbwa wakazaana. Tusiwasahau nao waliodhurika. Desemba 2023 mtoto wa shule mjini Ankara alishambuliwa na kundi la mbwa akajeruhiwa vibaya, na mzazi anayehofia njia ya mwanawe kwenda shule hana kosa la kuulizwa. Ndipo ikaja ile sheria ya 2024, ambayo Mahakama ya Katiba mwaka 2025 ilikataa kuifuta. Halmashauri zimepewa mpaka mwisho wa 2028 kujenga nyumba za kutosha.

Kuna njia iliyojaribiwa karibu yetu zaidi. Kisiwa cha Pemba, ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, kilisumbuliwa na kichaa cha mbwa. Kuanzia 2010 mbwa walichanjwa kwa kampeni, na maradhi yakakatika. Yaliporudi mwaka 2016 chanjo nayo ilirudi, na kufikia mwisho wa 2018 yalikuwa yamekatika tena. Waliompeleka mbwa kuchanjwa kwa kamba mkononi walirudi nyumbani wakanawa kama sheria inavyotaka.

Basi mtu akikuuliza juu ya kumchukua mbwa katika nyumba ya hifadhi, muulize kwanza unamtakia nini. Mwenye shamba, mwenye mifugo, mwenye ua unaovamiwa na wezi, haja yake ni ya halali. Wa mwisho wanachuoni wengi wamemlinganisha na mlinzi wa shamba. Huyo, badala ya kununua mtoto wa mbwa kwa bei kubwa, na aende kwenye vizimba, kwani humo wamo mbwa wazima wenye sauti nzito ambao hakuna aliyewataka kwa kuwa si wadogo na si wazuri wa sura. Amwombe mtunzaji amwonyeshe kadi ya chanjo. Amjengee banda uani lenye kivuli, lisilovuja. Chombo chake cha maji kiwe chake peke yake, kisichanganywe na vya jikoni, na kijazwe asubuhi na jioni. Nguo ya kuswalia isiwe ile ya kumhudumia. Na asimfunge mnyororo mchana kutwa juani kisha akasafiri siku tatu pasipo kumwachia mtu wa kumlisha. Asiye na nafasi ya hayo na asimchukue. Anaweza kupeleka gunia la chakula katika nyumba ile, na mbwa 38 wanaogombea nafasi moja hawataliuliza limetoka kwa nani.