Leta na mkulima: nani alitoa, nani alipewa

Wengi wanauliza kama Leta iliwahi kumsaidia mkulima wa Masisi na Walikale. Tuangalie nyuma kidogo.

Tangu 1917, Wabelgiji walilazimisha watu kulima mazao yaliyoamriwa. Aliyekataa alilipa faini ao alifungwa. Pale mkulima njo alikuwa anatoa.

Sheria ya Julai 1973 ikasema udongo wote ni wa Leta. Kuhusu mashamba ya mila, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya rais ya kupanga haki zake. Ile amri haikutoka. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza mashamba ya wageni yapewe raia wa Zaire. Ulikuwa msaada mkubwa, lakini uliwafikia zaidi wakubwa na marafiki wa utawala. Masisi, mashamba mengi yakawa malisho ya ngombe. Mwenye jembe akabaki bila kartasi.

Mwaka 2003, kule Maputo, serikali za Afrika ziliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti. Sheria ya 24 Desemba 2011 ikaandika juu ya Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Kilimo.

Ahadi ziko, basi. Lakini mwenye kurudi akikuta shamba lake limekaliwa, mbegu peke yake haimsaidii. Tunapogawa mbegu na majembe, tuandike pia mipaka, pamoja na majirani na chefu. Wazee wanaoijua bado wako. Tusingojee.