Jimmy Speirs: Nahodha aliyeipa Bradford City kombe, kisha akaenda vitani

Katika historia yake yote, klabu ya Bradford City imetwaa Kombe la FA mara moja tu, na bao lililolileta kombe hilo lilitiwa wavuni na nahodha wake Mskoti, James Hamilton Speirs, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jimmy. Miaka sita baadaye nahodha huyo aliuawa katika uwanja wa vita nchini Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 31.

Speirs alizaliwa Machi 1886 katika mtaa wa Govan jijini Glasgow. Baada ya kuichezea Maryhill, alijiunga na Rangers mwaka 1905. Alikuwa mshambuliaji wa ndani, yaani mmoja wa wale wawili waliocheza ubavuni mwa fowadi wa kati enzi ambapo timu zilipanga washambuliaji watano. Kazi yake ilikuwa kuunganisha safu ya kati na ya mbele, na wakati huohuo kufunga. Machi 1908 aliiwakilisha Uskoti dhidi ya Wales uwanjani Dens Park, mjini Dundee. Waskoti walishinda 2-1, lakini Speirs hakuitwa tena. Mwaka huo alihamia Clyde, na mwaka uliofuata akavuka mpaka kwenda Uingereza kuichezea Bradford City.

Hakuwa wa kwanza kushika njia hiyo. Klabu za Uingereza zilikuwa zimewategemea Waskoti kwa miongo kadhaa kutokana na umahiri wao wa kupasiana mpira, na Bradford City haikuwa tofauti. Meneja wake, Peter O'Rourke, alikuwa Mskoti, na zaidi ya nusu ya kikosi kilichotwaa kombe walikuwa Waskoti. Klabu yenyewe ilikuwa changa. Ilianzishwa mwaka 1903 kutokana na klabu ya raga ya Manningham, ikakubaliwa katika ligi kabla ya kucheza hata mechi moja, na kufikia 1908 ilikuwa imepanda hadi Divisheni ya Kwanza.

Msimu wa 1910-11 ndio uliokuwa kilele. Bradford City ilimaliza ligi katika nafasi ya tano, ambayo haijawahi kuipita tangu hapo. Katika Kombe la FA iliwabwaga New Brompton, Norwich, Grimsby, Burnley na hatimaye Blackburn Rovers kwa mabao 3-0 katika nusu fainali. Kwenye fainali ilikutana na Newcastle United, mabingwa watetezi wa kombe hilo na washindi wa ligi mara tatu katika muda wa miaka mitano, 1905, 1907 na 1909. Mchuano wa Aprili 22, 1911, uwanjani Crystal Palace uliisha kwa sare tasa, na kwa kweli haukuwa na mengi ya kusimuliwa.

Marudiano yalifanyika siku nne baadaye Old Trafford, uwanja uliokuwa umefunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Takriban dakika ya 15, Speirs alipiga mpira kwa kichwa. Frank O'Rourke, aliyekuwa akimkimbilia kipa Jimmy Lawrence, alimvuruga mawazo, na mpira ukapita ukaingia wavuni. Halikuwa bao la kupendeza. Hata hivyo lilitosha, kwani ngome ya Bradford ilishikilia hadi mwisho. Kombe alilokabidhiwa Speirs lilikuwa jipya, likishindaniwa kwa mara ya kwanza mwaka huo, na mafundi waliolitengeneza, kampuni ya Fattorini, walikuwa wa mji huohuo wa Bradford!

Desemba 1912 aliuzwa kwa Leeds City, iliyokuwa katika Divisheni ya Pili chini ya meneja Herbert Chapman, kwa pauni 1,400. Mshahara wa juu kabisa ulioruhusiwa kwa mchezaji wakati huo ulikuwa pauni 5 kwa wiki. Kwa maneno mengine, klabu moja iliilipa nyingine kwa ajili yake kiasi ambacho yeye mwenyewe angehitaji zaidi ya miaka mitano kukichuma. Msimu wa 1913-14 Leeds City ilikosa kupanda daraja kwa pointi mbili tu.

Ligi iliposimamishwa mwaka 1915 kwa sababu ya vita, Speirs alirejea Glasgow na mwezi Mei akajiandikisha katika kikosi cha Cameron Highlanders. Hakulazimishwa na yeyote. Sheria ya kuwaandikisha watu kwa nguvu ilikuja mwaka 1916, naye alikuwa na mke na watoto wawili. Mwaka 1917 alitunukiwa nishani ya ushujaa na kufikia cheo cha sajini. Agosti 20 mwaka huo aliuawa katika mapigano ya Passchendaele, karibu na mji wa Ypres. Amezikwa katika makaburi ya Dochy Farm.

Hakuwa peke yake. Evelyn Lintott, Mwingereza aliyecheza naye Bradford City na Leeds City, alikuwa ameuawa Julai 1, 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme. Robert Torrance, beki wa kati Mskoti aliyewazima washambuliaji wa Newcastle katika yale marudiano ya Old Trafford, aliuawa mwaka 1918. Leeds City nayo ilivunjwa mwaka 1919 kwa kashfa ya malipo haramu kwa wachezaji wakati wa vita, na wachezaji wake wakapigwa mnada.

Medali ya Speirs ya mwaka 1911 iliuzwa kwa mnada mwaka 2003 kwa zaidi ya pauni 26,000.